Kawaja Asiyekwenda kwa Mtu

Mwanangu, hebu kaa hapa, weka hiyo simu pembeni kidogo. Nimesikia mlichomfanyia yule mgeni kule Gudele, yule aliyekuwa akipita karibu na nyumba zenu. Mlimteta asubuhi mpaka jioni, kisha mkamfukuza, na hakuna hata mmoja wenu anayejua jina lake. Sikulaumu kwa kumshuku. Mimi nashuku watu mpaka leo, muulize nyanya yako. Daktari akinibadilishia rangi ya dawa, namkodolea macho mpaka anieleze. Lakini kuna namna ya kushuku, na siku niliyofundishwa haijanitoka kichwani.

Ilikuwa miaka ya sabini. Vita vya kwanza vya huku kwetu vilikuwa vimekwisha, na mimi na mama yangu tulikuwa tumerudi kutoka Uganda. Baba tulimzika hukohuko ukimbizini. Hapa Juba tulilala mtaa wa Hai Malakal, katika tukuli, kibanda cha nyasi, ya kuazima, na mama alikuwa na haja moja tu: apewe mahali pa kujenga katika kijiji cha baba, nje ya mji, upande wa barabara ya Yei. Neno la mwisho lilikuwa la dada yake baba, Shangazi Kiden. Basi mama akanituma nikamsalimie. Aliniambia niende taratibu, nisiombe kwa pupa, na nisilete mambo, kwa sababu waliobaki wakati wa vita hawakutuamini sana sisi tuliotoka Uganda. Walituona kama watu waliokula vizuri wakati wao walikuwa wakichimba mizizi.

Nami nikaenda na mzungu! Usicheke.

Jina lake Marseli, Mfaransa, kijana mwembamba mwenye pua iliyobabuka kwa jua. Alikuwa amepanda baiskeli kutoka Dar es Salaam mpaka Juba, na Kiswahili chake alifundishwa na mapadri, kimenyooka kuliko changu. Tulikutana sokoni, nilipokuwa nikiziba tyubu ya baiskeli yangu, akanikopesha pampu. Aliposikia naenda upande wenye vilima aliomba tufuatane. Niliona si neno. Njia ndefu ni afadhali kuwa wawili, na ile pampu yake nilikuwa nimeipenda.

Barabara ya huko unaijua, inapanda na kushuka, ukidhani umemaliza kilima unakuta kingine. Mimi nilikuwa nalaani kila mwinuko. Marseli alikuwa anafurahi. Akifika juu anasimama, anavua kofia, anatazama bonde, anatoa ramani, ananiuliza kilima hiki kinaitwaje. Aliniambia kwao Ufaransa kuna vilima vya namna hii, na vijiji vimekaa katikati, kila kimoja na kanisa lake na duka lake la mikate, na watu wakiwa na mapumziko wanapanda baiskeli kutoka kijiji hiki mpaka kile.

“Kupeleka nini?” nikamuuliza.

“Hawapeleki kitu.”

Hapo ndipo nilipoanza kumshuku. Sisi baiskeli inapanda kilima kwa sababu imebeba mkaa, au muhogo, au mgonjwa. Huyu keria yake ilikuwa na mikoba miwili midogo tu. Mtu gani anatoka jasho vile bure?

Na watu wa njiani waliona nilichoona. Kwetu, mwanangu, mpita njia haulizwi tu anakwenda wapi. Anaulizwa “Le munu?”, yaani kwa nani. Mahali hapana maana kama hapana mtu anayekungoja. Kila tulipopita boma watu walisimama wakaita, “Le munu?” Nami nikajibu, “Kwa Shangazi Kiden.” Wakaelekeza kidole kwa Marseli. Nikamtafsiria, naye akajibu na tabasamu lake lote, “Siendi kwa mtu. Ninatembea tu.”

“Anasema nini?”

“Anatembea tu.”

“Anatembea? Si yuko juu ya baiskeli?”

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja alitufuata kwa macho mpaka tukapotea kwenye kona.

Maneno yalitutangulia, sijui kwa miguu ya nani. Tulipofika kijijini wanaume walikuwa wamesimama kando ya njia, mikono nyuma, hakuna salamu. Nikasikia neno jasusi. Nikasikia mtu akisema yule mtoto wa Uganda amewaletea kawaja, yaani mzungu, wa kupima ardhi. Nilimwona akilini mama yangu kule Juba, amekaa katika ile tukuli ya watu, akingoja. Niliogopa, nakuambia kweli.

Shangazi Kiden alikuwa uwanjani kwake akipeta simsim. Alikuwa mwanamke mfupi, jicho moja limefifia, na lile zima lilitosha macho mawili. Kiswahili alikiokota mpakani alipokuwa akiuza tumbaku. Hakuacha kupeta.

“Wewe nakwenda kwa nani?” akamuuliza Marseli.

“Siendi kwa mtu, mama. Ninatembea tu.”

“Kila mtu iko na mtu.”

Shangazi akaweka ungo chini, akanigeukia.

“Wani. Wewe najua hii kawaja?”

Hapo palikuwa pagumu. Nikisema namjua, nimejifunga naye, na akiwa mbaya ubaya wake ni wangu na wa mama. Nikisema simjui, basi nimewaletea watu wangu mtu nisiyemjua. Wanaume walisogea kunisikiliza. Nilitafuta uongo mzuri sikuupata, nikasema jinsi ilivyokuwa.

“Simjui, shangazi. Tulikutana sokoni. Alinikopesha pampu.”

“Kalas, imetosha!” akasema mmoja wao. “Afukuzwe. Na aliyemleta arudi kwao Uganda.”

Shangazi aliinua mkono. “Ngoja. Hii mtoto nasema kweli, na nyinyi nasema nyuma ya mtu. Kawaja, sikia. Mimi nashuku wewe. Mimi nashuku wewe sana. Umesikia?”

Marseli akawa mwekundu mpaka masikioni. “Nimesikia, mama.”

“Sawa. Sasa kunywa maji.”

Akamletea maji kwenye kibuyu, yeye mwenyewe, mbele ya watu wote. Kisha akamhoji, na kuhoji kwa Shangazi Kiden hakukuwa mchezo. Ramani ya nini? Ya kutopotea. Vilima unauliza majina ya nini? Kwa sababu ni vizuri. Nani alikutuma? Hakuna. Mama yako iko hai? Yuko hai. Yeye najua wewe iko wapi? Anajua nilikuwa Dar es Salaam. Shangazi aliguna, nadhani kwa kumhurumia huyo mama.

Alipochoka kuuliza akaingia ndani, akatoka na gunia dogo la simsim. Akalifunga mdomo kwa kamba, fundo lake mwenyewe, la kupindapinda, na akamwambia Marseli alete baiskeli. Tukalikaza gunia kwenye keria kwa mpira wa tyubu.

“Mtoto yangu Poni iko Juba, Atlabara,” akasema. “Hii ni yake. Sasa wewe nakwenda kwa mtu.”

Kisha akanisogelea, akanong'ona kwa lugha yetu nisimsaidie wala nisimkataze kitu, nitazame tu. Habari ya ardhi hakuigusa, nami sikuthubutu.

Tuliondoka asubuhi. Nilikaa nyuma yake njia nzima nikilitazama lile gunia kama polisi. Baiskeli yake nyembamba ilikuwa inayumba, na raha ya vilima ilikuwa imemwisha, anahema kama sisi wote. Lakini watu walipoita, “Le munu?”, alijibu mwenyewe, kwa sauti, “Kwa Poni, Atlabara!” Wakatupungia mkono. Boma moja walitupa hata muhogo wa kuchoma, na yule mzee wa kwenye kona akatuitikia salamu.

Katika mteremko wa mwisho wenye kokoto, baiskeli ikamtupa. Gunia likapasuka ubavuni, simsim ikamwagika barabarani. Alikuwa anatoka damu gotini. Mimi nilisimama mbali, kama nilivyoagizwa, na nilijisemea sasa tutamjua. Hakuna ambaye angemlaumu kwa kuiacha. Marseli akapiga magoti, akaanza kuizoa kwa viganja, jua likimchoma shingo, mpaka barabara ikabaki kokoto tupu. Akashona pale palipopasuka kwa sindano yake ya mahema. Lile fundo hakuligusa.

Poni alilipokea, akalikagua fundo, akamimina simsim kwenye ungo, kisha akaangua kicheko. Ilikuwa imejaa mchanga.

Siku chache baadaye Marseli alipanda meli ya mtoni kwenda kaskazini, nami nikarudi kijijini na habari. Nilijitayarisha kumtetea kwa ajili ya ule mchanga. Shangazi aliuliza jambo moja.

“Mchanga ulikuwa mwingi?”

“Mwingi, shangazi. Poni alipepeta mpaka akachoka.”

Akatikisa kichwa polepole. “Mwenye nia mbaya angeniletea simsim safi, nusu gunia. Huyu ameniletea yote.” Akarudi kwenye ungo wake. Kisha, bila kunitazama, akasema, “Mwambie mama yako aje kabla ya mvua. Pale karibu na kisima.”

Mwanangu, hapo karibu na kisima ndipo baba yako alipozaliwa.

Ile ramani Marseli aliipeleka wapi, mpaka leo sijui, na siku nyingine najiuliza. Sikuambii umwamini kila mtu. Nakuambia ukimshuku mtu, mshuku mbele yake, mpe maji, muulize, kisha mpe gunia umtazame. Na wewe ukiulizwa kuhusu mtu usiyemjua, sema humjui. Na ukisafiri, tafuta wa kumwendea, hata kama ni Poni wa Atlabara usiyewahi kumwona.

Mungu akujalie asikosekane mtu wa kukungoja mwisho wa kila njia utakayopita, na anayefika mlangoni kwako akute kibuyu kina maji. Haya, inuka. Nenda Gudele, mtafuteni yule mtu, mkamwulize anakwenda kwa nani.