Katibu wa Huzuni Yake Mwenyewe

Mjomba wangu ni fundi wa mabango. Mwandiko wake umenyooka mno, hata akikuandikia "Usikojoe Hapa" watu husimama kuusifia. Kwa ajili ya mwandiko huo ukoo ulimpa ukatibu akiwa na miaka kumi na tisa. Tangu hapo, kikao kiwe cha harusi, cha msiba au cha ugomvi wa mipaka, yeye huandika. Katibu haongei. Ndivyo tulivyozoea.

Mwaka jana akaanza kuzimika. Alilala na viatu. Chakula kilimpolea mbele yake, rangi zikamkaukia makoponi. Siku moja aliacha bango la kinyozi njiani: "Tunanyoa na ku". Ukoo ukaitisha kikao sebuleni kwa mama mkubwa.

Ajenda ilikuwa moja: huzuni ya katibu. Akaitwa aje aandike.

Mama mkubwa, ambaye ni dada yake na ndiye mwenyekiti, alisema huzuni hiyo haina msingi, maana mtu ana kazi, ana afya, ana sisi. Baba yangu akasema ni uvivu.

"Uvivu uliokithiri, shemeji, au wa kawaida?" Mjomba aliuliza, kalamu mkononi.

"Andika wa kawaida. Tusimwonee."

Tulibishana kwa muda wa saa mbili, na hakuna aliyemuuliza yeye kitu. Ilinikera. Nina watoto wawili, ni mtu mzima, lakini nilifyata mkia kama kawaida yangu mbele ya wakubwa. Tukaazimia kwamba apone ndani ya mwezi mmoja.

Mwezi ukaisha, tukakutana tena. Mjomba akasimama kusoma kumbukumbu, kwa sauti ileile anayosomea majina ya kamati. Akafika kwenye mengineyo.

"Katibu alieleza kuwa amechoka sana, hana tena hamu ya kuishi, na anaomba walau mtu mmoja akae naye. Hoja haikujadiliwa."

Sikukumbuka kumsikia akisema hayo. Nilimtazama mama mkubwa.

"Kuna marekebisho?" akauliza.

Baba akanyoosha kidole. "Tarehe. Ilikuwa Jumamosi, siyo Jumapili."

Mjomba akakata, akasahihisha kwa ule mwandiko wake mzuri.

"Wanaokubali kwamba kumbukumbu ni sahihi?"

Mikono ikapanda, na wangu ukiwemo. Mjomba akatutazama mmoja mmoja, akaandika "kwa kauli moja", kisha akanyoosha na wa kwake.