Sebule ya Mama Majani

Kwa miaka kumi na tisa mpiga chapa wa mahakama alikaa katika chumba kisicho na dirisha, akichapa maneno ya watu wanaokana kila kitu. Siku moja kalenda ya mwaka uliopita ilishushwa ukutani ili itupwe. Ukurasa wa Agosti ulikuwa na picha ya jani la mgomba lililochanwachanwa na upepo. Akaomba apewe. Karani mkuu akamkumbusha kwamba Agosti hiyo imeshapita. Akasema anajua.

Aliitia picha ile kwenye fremu akaitundika sebuleni, juu ya televisheni. Mumewe, ambaye ni fundi bomba, aliitazama mpaka taarifa ya habari ikaisha, kisha akauliza, "Hili jani lina nini?"

"Limechanika."

"Hilo nimeliona. Nauliza lina nini."

"Basi ndilo hilo."

Baada ya jani likaja ua ambalo binti yao kitinda mimba alilichora kwa penseli alipokuwa anaumwa tetekuwanga. Kisha samaki wa shaba, kisha kitambaa kilichotariziwa korongo wawili waliokasirikiana. Kila kitu kilikuwa cha porini, cha majini au cha bustanini, na hakuna kilichoingia kabla hajakitazama siku tatu tofauti. Muuzaji mmoja alimwambia, "Chukua tu, mama, utakizoea." Akamjibu kwamba hataki kukizoea, akaondoka. Mtaani wakaanza kumwita Mama Majani. Aliitika.

Kitu kikubwa kuliko vyote kilikuwa mchoro wa maporomoko ya maji, kazi ya mzee aliyetumia maisha yake kuchora mabango ya vinyozi. Upana wake ulimshinda mtu mmoja kubeba. Fundi bomba akasema ataupigia misumari mwenyewe, kwa sababu mabomba ya nyumba ile aliyalaza kwa mkono wake na anayajua yote kichwani.

"Hapa hakuna kitu," akasema, akigonga ukuta kwa kidole. "Bomba limepita kule."

Msumari wa kwanza uliingia vizuri. Wa pili ulipoingia, maji yakachomoka kama uzi, yakakatiza sebule na kutua kwenye kochi. Kwenye kochi alikuwa amekaa mama yake fundi, aliyekuja kusalimia, ana kikombe cha chai mkononi. Bibi huyo akautazama mchoro, akayatazama maji.

"Yanatoka kwenye picha?"

"Hapana, mama. Yanatoka kwenye bomba."

"Nani alilipitisha hapo?"

Fundi akaenda kufunga maji.

Habari zikasambaa siku hiyo hiyo. Mteja mmoja alimpigia simu kumwita, akamwomba aache nyundo nyumbani. Mkewe alikausha kochi kana kwamba ni chai tu iliyomwagika, na hilo ndilo lililomkera fundi zaidi. Alifukua ukuta, akabadilisha kipande cha bomba, akapiga lipu, akapaka rangi. Mchoro ukatundikwa ukuta wa pili, na kwa wiki kadhaa mtu na mkewe walizungumza habari za chumvi na sabuni tu.

Ndipo fundi akaitwa shule moja ya wasichana kuzibua bomba la maji machafu. Mzizi wa mti ulikuwa umepenya kwenye kiungo na kuota humo ndani. Alivuta na kuvuta, ukatoka mzima, zaidi ya mita mbili: maelfu ya nyuzi nyembamba zilizosukana zikawa na umbo lile lile la bomba, mpaka na kona yake. Katika kazi yake alikuwa ametupa mizizi ya namna hiyo labda mia. Huu akasimama akautazama, mpaka mlinzi akamuuliza kama anajisikia vibaya.

Aliuosha mara tatu kwa sabuni na dawa, akauanika wiki nzima juu ya paa la karakana yake. Jioni moja akaingia nao sebuleni.

"Ni nini hicho?" mkewe akauliza.

"Mzizi."

"Umetoka wapi?"

Fundi alifikiria kudanganya. "Kwenye bomba la choo."

"Toka nao."

"Nimeuosha."

"Toka nao, baba watoto."

Akautundika kwenye kibaraza cha nyuma. Kesho yake mkewe alipita pale na nguo za kuanika, akasimama. Siku iliyofuata alipita bila nguo. Fundi alikuwa jikoni anachungulia dirishani, akijifanya anakoroga chai aliyokwisha kuinywa. Siku ya tatu mkewe aliugusa.

"Hapa ulikutana na kona," akasema, bila kugeuka.

"Digrii tisini," fundi akajibu kutoka dirishani.

"Ukapinda."

"Ukapinda, ukaendelea. Kutoka kwenye mti mpaka pale ulipoingia bombani ni mita kumi na moja. Nilipima."

Mkewe akageuka. "Ulipima? Nani alikutuma?"

"Hakuna."

Alimtazama mumewe kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma hati ambayo haikuchapwa na yeye. Kisha akasema, "Lete ngazi. Misumari napiga mimi."

Sasa sebuleni kuna mizizi mitano, na wageni huiendea kabla hawajakaribishwa kukaa. Wa kwanza ulipotundikwa, Mama Majani aliuchapia kibandiko: aina ya mti, kipenyo cha bomba, tarehe. Palipobaki nafasi ya jina la msanii alikaa kidogo, kisha akachapa jina la mumewe kwa herufi kubwa. Fundi huwa anakisoma akidhani yuko peke yake, na siku hizi kwenye mkoba wa kazi anabeba brashi laini, ambayo haina kazi yoyote kwenye mabomba.