Pembe za Foronya ya Wifi

Jina la Mama Mraba alipewa na wateja. Kitambaa alichokikata yeye, ukikikunja mara nne, ncha zote zilikutana kama viganja vya mtu anayeomba. Miaka thelathini na moja alikaa nyuma ya cherehani yake ya miguu, katika chumba chenye dirisha la barabarani, na muda wote huo hakuna aliyemrudishia kazi isipokuwa mwanamke mmoja aliyenenepa kabla hajalichukua gauni lake. Hilo nalo halikuwa kosa la fundi.

Kisha mdogo wake wa kiume akaoa, akaoa fundi.

"Dada, mpe wifi yako kona tu," alimwomba. Mama Mraba akatoa kona ya nyuma ya mlango, pale mwanga unapoishia. Mwaka haujatimia, wateja wakawa wanachungulia dirishani, wanamsalimia yeye vizuri sana, halafu wanauliza, "Yule mwingine yupo?"

Yule mwingine! Kila lilipotamkwa neno hilo, alikanyaga cherehani kwa kishindo.

Jumatatu moja akaja mwenye nyumba ya wageni, mama mwenye sauti ya kuamsha mtaa, amekumbatia mito miwili ya makochi iliyofanana kama pacha.

"Sikilizeni, jamani. Nina mito arobaini. Kila mmoja anishonee foronya moja, Alhamisi nakuja kuchagua fundi wangu. Na pembe nataka zijae! Yule wa zamani alinishonea masikio ya mbuzi. Wageni wakikaa wanayavuta tu."

Mtaa mzima ukajua. Mshona viatu wa mlango wa pili aliacha hata gundi ikauke kwenye soli, anasubiri aone nani ataitwa fundi mkuu wa chumba kile.

Hadi Jumatano asubuhi wote wawili walikuwa wamemaliza. Mama Mraba aliuweka mto wake kitini, akarudi nyuma hatua mbili, akautazama. Katikati ulituna vizuri, lakini pembe zote nne zililala. Ukizibana kwa vidole hupati kitu ila kitambaa. Akafungua zipu, akashindilia vipande vya pamba. Pembe zikawa na vinundu kama majipu. Akavitoa kwa hasira.

Mto wa wifi ulikuwa juu ya benchi. Kila pembe imejaa, laini, kama shavu la mtoto aliyetoka kunyonya.

Mito ile ile, kitambaa cha jora lile lile! Na ile kanuni ya kukata foronya ndogo kuliko mto kwa inchi moja ili ikaze, nani alimfundisha huyu msichana kama si yeye? Swali la "umefanyaje?" lilimfika kooni, akalimeza. Amuulize wifi? Heri atafune tepu ya kupimia.

Wifi alipotoka kwenda kununua uzi, Mama Mraba alitazama mlango, akatazama dirisha, akauchukua ule mto. Akavuta zipu, akaitoa foronya na kuigeuza ndani nje. Alichokiona kilimfanya acheke peke yake. Mshono ulikwenda sawa, halafu vidole vinne hivi kabla ya pembe ukaanza kuingia ndani kidogo kidogo, hata pembe yenyewe ikawa imepungua karibu nusu ya kidole. Akapima pembe ya pili, ikawa hivyo hivyo. Ya tatu hivyo hivyo, na ya nne.

"Ala! Kumbe hajui kunyoosha mstari!"

Mtu mwenye kichwa kilichotulia angejiuliza ni kosa gani hilo linalorudiwa mara nne kwa kipimo kimoja. Lakini kijicho hakina subira ya kuuliza. Aliuvisha mto foronya yake, akaurudisha benchini, na siku hiyo akala chakula chake chote.

Alhamisi mwenye nyumba ya wageni alifika, akaibonyeza mito yote miwili, akaugeuza ule wa wifi, hata kuunusa akaunusa.

"Huu umenivutia. Ila naogopa. Isije ikawa mmenijazia matambara pembeni, yakafuliwa yakashikana."

Hapo ndipo Mama Mraba aliposimama. "Mama, kazi ya fundi haitazamwi nje. Ngoja nikuonyeshe." Akaitoa foronya ya wifi, akaigeuza, akailaza mezani na tepu juu yake. "Ona mwenyewe. Huu mstari umelewa!"

Mshona viatu, aliyekwisha kujipenyeza mlangoni, akaangua kicheko. Wifi alikata uzi kwa meno, akainua uso.

"Kweli wifi, umelewa. Na mimi ndiye niliyeulewesha."

"Umesikia? Anakiri!"

"Mto ukivimba katikati, unakivuta kitambaa kwake. Ukishona mraba kamili, pembe inabaki ndefu, haina cha kuibeba, inalala. Mimi naipunguza kabla."

Mwenye nyumba ya wageni akaichukua foronya ya Mama Mraba, akaigeuza nayo. Mishono ilikuwa imenyooka kama rula.

"Yako imenyooka sana, dada yangu," alisema. "Tatizo ni mto, haukunyooka." Kisha akampiga begani. "Ahsante kwa kunifungulia. Bila wewe ningebaki na wasiwasi wangu. Yule mwingine atanishonea zote arobaini."

Mama Mraba alikaa. Miguu ilitafuta kanyagio la cherehani, haikuliona.

Mteja alipoondoka, wifi alisogeza kigoda. "Wifi, arobaini ni nyingi kwangu. Na zipu zangu hupinda, zako hazijawahi. Tushone wote?"

Angemtukana ingekuwa nafuu. Sifa ile ilimchoma kuliko kicheko cha mshona viatu. Alitaka kusema hapana. Akasema, "Lete."

Foronya tatu za kwanza, alipofika karibu na pembe, mkono wake ulijinyoosha wenyewe, akafumua.

"Mkono wako mgumu, wifi!"

"Mkono wangu haujazoea njia za panya."

Ya nne ilikubali. Aliuvisha mto, akabonyeza pembe moja baada ya nyingine, taratibu, akitafuta kasoro. Hakuiona. Alitazama kama wifi amegeuka upande mwingine, kisha akaichomoa rundoni foronya ya wifi iliyokuwa juu, akaisukuma chini kabisa, na pale juu, palipokuwa pa kuonekana kwanza na mteja, akaweka ya kwake.