Pikapu ya Kuvuta Nyumba

Mke wangu aliondoka hapa Barking, London, kwenda Tanga kumuuguza mama yake. Mama akapona, akaanza hata kwenda sokoni mwenyewe, lakini mke wangu hakurudi. Kila nikimuuliza ananiambia, "Nitakuja, baba watoto, ngoja baridi ipungue." Baridi ikapungua, ikarudi, ikapungua tena. Siku moja nilipombana sana kwenye simu, akacheka, akasema, "Nitarudi siku utakayokuwa na nyumba ambayo nikikaanga samaki hakuna kengele inayolia wala jirani anayegonga dari."

Ni kweli, fleti yetu ilikuwa hivyo. Mafuta yakichemka tu, kengele ya moshi inapiga kelele kama inachinjwa, na jirani wa juu anatupigia sakafu kwa sijui nini, labda fagio. Mimi neno lile nililichukua kama mgonjwa aliyepewa masharti na mganga. Nikaanza kutafuta nyumba isiyo na jirani.

Kwa pensheni yangu ya kupiga watu eksirei hospitalini, nyumba ya London ni ya kuitazama ukiwa ndani ya basi. Nikafikiria karavani, ile nyumba ya magurudumu inayofungwa nyuma ya gari. Nilimtumia picha ya ile ya Kiingereza, akanijibu, "Unataka nilale kwenye kabati?" Haya. Nikazunguka mpaka Essex nikapata tela kubwa la Kimarekani, lenye jiko la kweli, dirisha juu ya jiko, na kitanda unachoweza kukizunguka bila kupanda ukuta. Nikalinunua, nikaliacha pale pale kwenye shamba lilipoegeshwa, kwa sababu kigari changu kisingeweza kuvuta hata mlango wake. Ndiyo nikaanza kutafuta pikapu.

Nilielekezwa kwa muuza magari mmoja Kenton, Mhindi mzaliwa wa Mwanza, mtu mzima kama mimi. Aliposikia lafudhi yangu aliacha Kiingereza chake papo hapo. Swali lake la kwanza halikuwa injini wala rangi.

"Ndugu yangu, mtapanda watu wangapi?"

"Watano," nikamwambia bila kufikiri. Mimi, mke wangu, binti yetu wa Croydon, mumewe, na kijana wetu wa mwisho.

Akakuna kichwa. Akanieleza taratibu kwamba sheria inaangalia uzito wa gari na tela kwa pamoja, na tela langu peke yake lilikuwa limekula karibu fungu lote. Kinachobaki ndicho cha kugawana watu, masufuria na mitungi ya gesi. Dabo kebini ina viti vitano lakini yenyewe ni nzito. Singo kebini ni nyepesi, inaacha nafasi, ila ya watu wawili.

"Basi nipe singo kebini," nikasema, "hao vijana watapanda nyuma."

Loh! Yule mzee alicheka mpaka akavua miwani. "Nyuma wapi? Hii si Muheza, bwana! Polisi watakushika kabla hujaimaliza Kenton." Nikacheka naye, lakini uso uliniwaka. Miaka yote hii Uingereza, na bado kichwani mwangu pikapu ni bodi, na bodi ni mahali pa watu.

Si kosa langu. Mjomba wangu alikuwa nayo moja, mbovu, na sikumbuki kuiona ikienda mahali na mtu mmoja. Leo kitanda cha bibi harusi, kesho masufuria ya matanga, keshokutwa mgonjwa na ndugu zake wote hata wasiohusika. Mjomba alilalamika toka asubuhi mpaka jioni kwamba watu wamemfanya dereva wao. Nami, nisifiche, lalamiko hilo ndilo nililolitaka. Nilitaka watu wanichoshe.

Maana Barking hakuna wa kunichosha. Toka mke wangu aondoke nakula nimesimama karibu na sinki. Televisheni naiwasha ili kuwe na mtu anayeongea. Jumapili napika wali wa watu wawili, mkono hautaki kujifunza, na ule wali naula mpaka Jumatano. Jirani wa juu hagongi tena, hana sababu. Siku nyingine natamani agonge.

Basi tukakaa na yule mzee na kikokotoo chake, tukaipigia hesabu dabo kebini. Haikukubali. Tukatoa jenereta, haikukubali. Tukapunguza mitungi ya gesi, tukapunguza maji, haikukubali.

"Vitu vimekwisha," akasema. "Sasa lazima utoe watu."

Nikampigia binti yangu nikiwa pale pale. Mimi nasema Kiswahili, yeye anajibu Kiingereza, ndivyo tulivyo toka alipoanza shule. Akaniambia wasihesabiwe kwenye gari langu, watakuja na lao, wakipata nafasi. Hiyo "wakipata nafasi" naijua vizuri, nimekaa nayo Idi nyingi. Kijana wangu sikumpata kwa simu. Nilimwandikia maelezo marefu, akanirudishia kipicha cha dole gumba.

Hasira zilinipanda, sikatai. Watoto nimewabeba mgongoni, leo nawatafutia kiti wananionyesha kidole! Lakini zikashuka zenyewe, kwa sababu niliona kitu ambacho sikukiona mwanzo. Ukitoa watoto tunabaki wawili. Mimi na yeye. Tukaipigia hesabu singo kebini, dereva na abiria mmoja, na yule mzee akapiga meza kwa kiganja.

"Imekubali! Na jenereta lako rudisha."

Akaniletea chai ya tangawizi, akanipeleka uani nikapande. Gari lilikuwa refu, la dizeli, jeupe. Nikakaa kwa dereva, nikakitazama kile kiti cha pembeni. Kilikuwa karibu kiasi kwamba mtu anaweza kumenya chungwa akakupa huku unaendesha. Nikamwomba anifungie kikanyagio upande ule, kwa maana mke wangu goti linamsumbua. Nikalipa siku ile ile, mimi ambaye kununua viatu huchukua mwezi.

Treni ya kurudi ilikuwa imejaa na mimi nilikuwa natabasamu peke yangu, watu wakanikwepa. Nilipofika nyumbani sikuvua hata koti, nikampigia.

Nilisikia sufuria, nilisikia watoto wa kaka yake, nilisikia mtu anamwita "shangazi, shangazi" na yeye anasema ngoja. Nikamweleza yote. Jiko, dirisha, kitanda cha kuzunguka. Nikamwambia nimepata na pikapu ya kulivuta, nikamweleza habari ya uzito, jinsi hesabu ilivyotugomea na tulivyopunguza kimoja kimoja. Aliniacha nimalize, jambo ambalo si kawaida yake.

"Kwa hiyo mkawatoa watoto," akasema.

"Tukawatoa. Tumebaki wawili tu, kama zamani. Ikakubali."

Kulikuwa na kitu kinachokaangika upande wake, nilikisikia vizuri.

"Basi nitoe na mimi," akasema.

"Unasemaje?"

"Nitoe na mimi, baba watoto. Gari lisikuelemee."

"Mama watoto, si ulisema mwenyewe? Nyumba isiyo na kengele, ukaange samaki wako..."

"Nilikuwa nakutania." Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulionimaliza. Angefoka ningejua la kujibu, tumefokeana zaidi ya miaka thelathini. "Nimechoka kukwambia nitakuja. Siji. Nisamehe."

Mwanzoni, alipokuwa ndiyo kwanza amefika Tanga, alikuwa akinibembeleza nirudi mimi. Kila simu, "Njoo, mume wangu, unakaa huko unamlinda nani?" Nami nikimjibu kwamba watoto siwezi kuwaacha, watoto wenyewe wana ndevu na mikopo ya nyumba. Sasa nikakaa na simu sikioni, koti mwilini, nikimngojea aniambie tena. Angesema neno hilo moja tu, ningempigia yule mzee wa Kenton akae na pikapu yake, na tela nimwachie mwenye shamba.

Hakuniambia. Aliniuliza kama nimekula.

"Nimekula," nikamwambia.