Barua ya Zamu ya Thelathini na Moja

Kwa miaka saba mfululizo Beda Luambano wa Msamala alisali Baba Yetu pungufu. Waumini waliosimama karibu naye kanisani hawakuligundua jambo hilo, kwa kuwa sauti yake nzito ilijaza benchi zima. Mkewe Leticia, aliyekuwa ubavuni pake kila Jumapili, ndiye aliyesikia jinsi sauti ile ilivyofika penye ombi la kusamehewa, ikakatika kama redio iliyoishiwa betri, kisha ikarudi penye ombi la kuepushwa na vishawishi. Alipomwuliza mara ya kwanza, Beda alijibu kwamba hapendi kumdanganya Mungu mbele ya watu. Hakumwuliza tena kwa muda mrefu.

Beda alikuwa karani wa ghala katika chama kimoja cha ushirika. Wanunuzi binafsi walipoanza kuingia vijijini na malori yao, ushirika ule ulipepesuka, na yeye akawa miongoni mwa wa kwanza kupunguzwa kazini. Alikabidhi funguo, akarudi nyumbani na barua ya shukrani na bao lake la mninga, ambalo kwa miaka kumi na nane lilikuwa limekaa chini ya meza ya ofisi. Baba yake ndiye aliyelichonga huko Maposeni, na ndiye aliyemfundisha kuhesabu mashimo kwa kuanzia mkono wa kulia, ingawa wachezaji wengine wote wa Songea huanzia kushoto. Beda hakuwahi kuiacha desturi hiyo. Alisema kwamba atakapoanzia kushoto, mzee wake atageuka kaburini kumsahihisha.

Mchezo uliomfanya ajulikane hakuucheza barazani. Aliucheza kwa posta. Kilikuwapo wakati huo chama cha wapenzi sitini na wawili, kuanzia Tunduru hadi Mbamba Bay, kilichojiita Bao la Barua. Kila mchezaji aliweka bao nyumbani kwake, akacheza zamu yake, akamwandikia mwenzake: nimecheza shimo fulani, nimeelekea upande fulani, na hizi ndizo kete zilizobaki katika mashimo yangu kumi na sita. Mwenzake aliisogeza zamu ile kwenye bao lake mwenyewe, akatafakari wiki nzima, kisha akajibu. Wakati wa masika, barabara ya Tunduru ilipogeuka tope, zamu moja iliweza kuchukua mwezi. Watu walizaa na kuzika kabla mchezo haujaisha.

Ili kuzuia hila, kila barua ilikuwa na nakala iliyotumwa kwa mwamuzi. Kama barua ya mpinzani na nakala ya mwamuzi zingetofautiana, mwandishi wake alihesabiwa kuwa mwizi na kufukuzwa. Mwamuzi, aliyekuwa pia katibu wa chama, alikuwa Mwalimu Bartolomeo wa Mfaranyaki, mtu wa benchi la mbele kanisani, mwenye daftari kubwa lenye jalada jeusi ambamo alinakili kila zamu kwa mwandiko wa kupendeza.

Mwaka 1995 Beda alimfunga Mwalimu Bartolomeo, ambaye naye alicheza, katika nusu fainali kwa zamu kumi na tisa. Michezo mingine ilizidi sitini. Mwalimu alimpongeza kwa maandishi, akatia muhuri.

Mwaka uliofuata, Beda alipokuwa katika fainali dhidi ya Chande, mkulima wa korosho wa Tunduru, wanachama wote walipokea waraka. Ulieleza kwamba katika zamu ya thelathini na moja, Beda Luambano alimwandikia Chande shimo moja na kumwandikia mwamuzi shimo jingine, ili baadaye achague lenye faida. Alifukuzwa. Chande alipewa ushindi na zawadi ya redio. Katika mstari wa mwisho Beda aliitwa mwizi wa kete.

Alikwenda Mfaranyaki siku hiyo hiyo.

"Mwalimu, nionyeshe hiyo nakala."

"Nyaraka za mwamuzi hazionyeshwi mtuhumiwa."

"Basi mwonyeshe Padre. Mwonyeshe mtu yeyote mwenye macho."

"Ndugu Beda, shukuru kwamba sikukupeleka kwa mtendaji."

Ndivyo jina la Beda lilivyokufa. Hakuwa tena na kazi ya kumtetea, wala cheo. Vijana wa Msamala walipomwona akinunua karanga walimshauri muuzaji azihesabu upya. Aidan, mwanawe wa kwanza, alipopeleka posa, upande wa binti uliuliza kwanza kama huyu ni mtoto wa yule wa kete. Beda alijua kwamba barua ile ilikuwa ya kughushi, na alijua iko wapi: ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda cha Mwalimu Bartolomeo, ambamo zilikaa nyaraka zote za chama. Akaapa kwamba siku moja itatoka humo kwa mkono wa Mwalimu mwenyewe.

Hasira za watu wengi huchoka. Ya kwake ilikuwa na tabia ya karani: ilipanga mafaili. Kila mwaka, tarehe ya waraka ule, aliutoa, akausoma wote, akaukunja kwa mikunjo ile ile.

Mwanzoni mwa mwaka 2003 Suzana, mjane aliyekuwa mpiga chapa, alifungua chumba cha intaneti karibu na soko kuu, chenye kompyuta tatu na skana moja. Beda alikwenda kuuliza kama inawezekana mtu wa Songea kuwa na tovuti. Suzana alimtazama yule mzee wa miaka hamsini na minane, aliyevaa koti la kitenge na kushika faili kwapani.

"Shikamoo, baba. Tovuti ya nini? Ya kuuza mahindi?"

"Marahaba, mama. Ya bao la barua."

"Hao wachezaji si wamekwisha? Siku hizi watu wanapigiana simu."

"Wamekwisha kucheza. Hawajakwisha kukumbuka."

Walianza na kurasa nne. Alichapa kwa kidole kimoja, na umeme ulipokatika alikaa mbele ya kioo cheusi mpaka urudi, kama mtu aliye foleni ya kitubio. Alieleza kanuni za mchezo, akachora bao kwa nyota na duara, akaweka orodha ya wanachama sitini na wawili pamoja na wasifu wa kila mmoja. Kisha akawaomba, kwa jina la Suzana mhariri, walete barua zao za zamani. Zilikuja kwa posta na kwa makondakta wa mabasi, nyingine zikiwa na madoa ya mafuta ya taa. Chande alituma kutoka Tunduru kopo la maziwa lenye barua zote thelathini na moja alizopata kutoka kwa Beda katika fainali, kila moja ikiwa ndani ya bahasha yake yenye muhuri wa posta. Zote ziliingia kwenye skana, zikawekwa mahali pake bila neno la ziada.

Mashabiki wakajitokeza wenyewe. Mtu wa Mbamba Bay aliyekuwa akisoma ng'ambo aliandika kwamba amecheza upya michezo tisa kwa mbegu za michungwa. Sista mmoja wa Peramiho alisahihisha zamu mbili. Suzana alishangaa.

"Mzee Beda, tovuti hii ni jasho lako. Mbona jina langu ndilo liko juu?"

"Jina langu liko kwenye sanduku la mtu. Nalisubiri."

Kwenye wasifu zile Beda aliwasifu wanachama wote, ila Mwalimu Bartolomeo alimsifu kupita wote. Alimwandikia ukurasa mzima: uaminifu wake, mwandiko wake, daftari lake jeusi lililohifadhi historia. Kila sifa aliipima kama dawa ya panya. Chini ya ukurasa aliacha nafasi tupu yenye maneno haya: Kumbukumbu za Katibu zinasubiriwa.

Mwalimu alisubiriwa miezi mitatu. Wajukuu zake walioko Dar es Salaam walimsomea ukurasa ule kwa simu. Mwezi wa sita alikuja kwa Suzana akiwa amevaa tai, na makala ya kurasa kumi na mbili mkononi. Ukurasa wa tisa ulieleza jinsi alivyoulinda mchezo dhidi ya mwizi mmoja asiyetaka kumtaja, katika fainali ya mwaka 1996. Suzana aliichapa makala yote, akaituma hewani.

Kabla wiki haijaisha, yule msomaji wa ng'ambo aliandika: "Mwalimu, tunakupongeza. Tafadhali tuoneshe barua hiyo, ili vizazi vijavyo vijifunze."

Beda aliusoma ujumbe ule mara tatu. Alimwomba Suzana auchape kwenye karatasi na kumpelekea Mwalimu nyumbani.

Mtu ambaye ameisimulia hadithi yake miaka saba huanza kuiamini. Mwalimu Bartolomeo alifungua sanduku la bati, akaitoa barua na daftari jeusi, akavileta vyote viwili na kusimama juu ya skana mpaka kazi ilipokwisha. "Angalia ubora wa karatasi," alimwambia Suzana.

Jioni hiyo Beda aliiona nakala ile kwa mara ya kwanza. Mwandiko uliigwa vizuri. Hata mkia mrefu aliouvuta siku zote kwenye herufi g ulikuwepo. Alishuka na macho mpaka kwenye hesabu ya mashimo, na hapo akacheka kwa sauti, hata wateja wakageuka. Hesabu ilianzia kushoto.

Mwalimu, katika kunakili zamu za Beda daftarini, alikuwa akizigeuza zianzie kushoto kama za wengine. Siku ya kughushi aliiga mwandiko kutoka kwenye barua, ila tarakimu alizichukua daftarini mwake, akasahau kuzigeuza tena. Katika barua thelathini na moja za kweli zilizotoka Tunduru, Beda alianzia kulia, bila kukosa hata mara moja. Na aliyeisoma barua ya sanduku kwa kuanzia kulia alikuta kwamba, kwenye bao lililoachwa na zamu ya thelathini, shimo linalodaiwa kuchezwa halikuwa na kete hata moja. Hakuna mwizi, awe mjinga namna gani, anayeiba kwenye shimo tupu.

Beda aliziweka barua hizo mbili za zamu ya thelathini na moja ubavu kwa ubavu kwenye ukurasa wa mbele, pamoja na ukurasa wa daftari. Juu yake aliandika: Wasomaji wahesabu wenyewe.

Wakahesabu. Sista wa Peramiho alikuwa wa kwanza. Majibu yake yalikuwa na mistari miwili, na wa pili ulisema kwamba anamwombea Mwalimu. Kutoka Tunduru ilikuja barua ya Chande: "Wallahi, Mzee Beda, miaka saba nimekula ushindi wa haramu bila kujua. Redio naituma kwa basi la kesho." Ikaja imefungwa kwenye gunia. Beda aliirudisha kwa basi hilo hilo, na karatasi ndani: mchezo haujaisha.

Siku ya tisa, saa kumi alasiri, Mwalimu Bartolomeo alipiga hodi Msamala. Leticia alikuwa uani akipukuchua mahindi.

"Karibu, Ndugu Katibu," alisema Beda. "Mama Aidan, mpe mgeni kiti. Mpe kile chenye miguu mizima, asije akatuandikia waraka."

Mwalimu hakuketi. "Beda, ndugu yangu, uondoe ule ukurasa."

"Upi? Ziko nyingi."

"Unaujua."

"Nataka uutaje wewe."

"Wajukuu zangu wanausoma. Mkwe wangu amenipigia simu, ameniuliza kama ni kweli."

"Watoto wangu nao walikuwa wanajua kusoma mwaka tisini na sita."

"Tulikuwa bado na damu ya ujana."

"Ulikuwa na miaka hamsini na miwili, Mwalimu."

Mwalimu akaketi. Alitazama mahindi, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Zamu kumi na tisa, Beda! Nusu ya wanachama ni watu niliowafundisha kushika kalamu. Wakawa wananisalimia, 'Shikamoo, kumi na tisa.' Ungefanya nini?"

"Ningejifunza bao."

Leticia aliinamia ungo ili uso wake usionekane. Beda akatoa masharti yake, mawili, ambayo bila shaka alikuwa ameyatunga zamani. La kwanza: Mwalimu aandike kwa mkono wake waraka wa kukiri, nakala sitini na mbili, atie saini kila moja, na za waliofariki zipelekwe kwa jamaa zao. La pili: fainali iendelee kutoka zamu ya thelathini na moja, na mwamuzi awe Bartolomeo yule yule, akinakili kila zamu daftarini.

"Kwa kuanzia kulia," Beda aliongeza.

"Nikiyafanya hayo, utauondoa?"

"Yafanye kwanza."

Akayafanya. Miezi kumi na mmoja Mwalimu Bartolomeo alikwenda kwa Suzana kila zamu ilipowadia, akanakili, akatia saini, na ukurasa wake ukaingia hewani chini ya zile barua mbili, ambazo hazikuondolewa. Padre alimwita Beda, akamweleza kwamba haki imekwisha kupatikana na kinachobaki kinaitwa kwa jina jingine. Beda alimsikiliza kwa heshima zote, akambusu mkono, akaenda kucheza zamu ya hamsini na mbili.

Katika zamu ya hamsini na nane Chande aliandika kwamba hana pa kuchezea. Mwalimu alifungua daftari mbele ya Suzana na Beda, akakwangua kalamu mara mbili, akasema wino umekauka. Beda akampa ya kwake. Mwalimu akaandika: Mshindi, Beda Luambano. Akatia muhuri.

Jumapili iliyofuata Leticia alimsogelea mumewe zaidi ya kawaida. Sauti ile nzito ilipanda, ikafika penye ombi lile, ikakatika. Mbele, kwenye benchi lililo nyuma kidogo ya lile alilozoea, Mwalimu Bartolomeo alikuwa akisali yote.

Wakiwa njiani kurudi, Leticia hakuweza kujizuia.

"Hata sasa, baba Aidan?"

Beda alichomoa bahasha mfukoni mwa koti.

"Tadei wa Mbinga, mmoja wa wale sitini na wawili, ameniandikia. Waraka wa kukiri aliotumiwa na Mwalimu haukutiwa saini."