Kijiko Kikiwa Kizito

Binti yangu haoni. Haoni, basi, mikono anayo, mdomo anao. Lakini shule yake hapa Voi ilimpa mwanafunzi mwenzake anayeona amsaidie. Mtoto mzuri sana, na huo uzuri ndio ulioniudhi. Alimshika mkono kila mahali, akamjibia maswali, akamlisha githeri yao ya mahindi na maharagwe. Jumamosi moja nikamwekea binti yangu sahani mezani. Akakaa, akafungua mdomo, akangoja. Mtoto wa miaka saba! Na kabla ya shule alikuwa akila mwenyewe.

Jumatatu nikaenda kwa mwalimu wake.

"Nataka asaidiwe na yule msichana wa gredi ya nane," nikasema. Huyo pia haoni, lakini hupita uwanjani na fimbo yake nyeupe akiimba, na mtu asipompisha, shauri yake.

Mwalimu akacheka. "Mama, wote wawili hawaoni. Wakigonga ukuta je?"

"Wagonge. Kwani ukuta utalia?"

"Na mzazi akija kunilaumu?"

"Mzazi ni mimi, madam! Si nimeshakuja?"

Akakubali siku hiyo tu, tena mbele yake. Saa ya chakula nikaketi pembeni na mwalimu, na yule msichana mkubwa akaketi kando ya binti yangu. Hakumgusa.

"Kijiko changu kiko wapi?" binti yangu akauliza.

"Unauliza mimi? Mimi naona?"

Meza nzima ikacheka. Binti yangu akaanza kulia. Nikainuka.

"Anti, hicho kiti chako nimekisikia," yule mkubwa akasema. "Kaa."

Nikakaa, nimefura kama andazi.

"Wewe mdogo wangu, papasa ukingo wa sahani. Umekipata? Haya, chota, halafu pima. Kikiwa kizito, kuna githeri. Kikiwa chepesi unakula hewa, rudi tena."

Alikula hewa nyingi. Maharagwe yakajaa kwenye sweta.

"Ona anavyojichafua," mwalimu akaninong'oneza.

"Sweta nafua mimi."

Yule mtoto mzuri anayeona akaja mbio kumlisha. Binti yangu akafunika sahani kwa mkono. "Wacha! Hii ni yangu."

Kwenye mkutano wa wazazi mwalimu alisimama akaeleza mpango wake mpya, watoto wasioona kufundishana. Wake! Wazazi wakapiga makofi. Nami nikapiga, meno nimeyauma. Ningemwaibisha angeufuta, na kesho yake binti yangu alikuwa aanze kufundishwa na yule mkubwa kutembea na fimbo nyeupe.