Muuguzi Anayetoa Kioo Kabla ya Dawa

"Shika hiki. Jiangalie wewe kwanza."

Sauti inatoka nyuma ya pazia la maua, katika chumba kidogo kilicho ubavuni mwa kanisa moja mtaani Shauri Moyo, Nairobi. Ni Alhamisi asubuhi, mwaka 1996. Kutoka soko la Gikomba zinasikika nyundo za mafundi wa mabati, na mwandishi wa makala haya amekalishwa upande huu wa pazia kwa ruhusa ya mgonjwa, akitazama ukuta kama alivyoamriwa.

"Sista, naona aibu," anajibu mama mmoja.

"Aibu ya nani? Hapo ni pako tangu uzaliwe. Inua kioo."

Mama anakiinua, kisha anacheka. "Kumbe ni haka tu?"

"Ni hako tu. Kijinyama cha ngozi. Kikikukera kwa nguo, nitakitoa. Kisipokukera, kiache kikae."

Annah Nabalayo, muuguzi wa miaka arobaini na sita, anatoka akivua glavu. Kioo chenyewe ni kile cha wanaume cha kunyolea ndevu, chenye ukingo mwekundu wa plastiki. Alikuwa navyo sita.

"Mtu amezaa watoto watano, na anayepajua hapo ni bwana yake na mkunga," anasema. "Yeye mwenyewe hapajui. Ndiyo maana akiambiwa uongo anaumeza."

Kila Alhamisi hutibu vijinyama, vifuko vya mafuta na chunjua zinazoota sehemu za siri za wanawake. Nyingi hazina madhara. Huuliza kitu kimeanza lini, kimekua upesi au polepole, kinawasha, kinatoa damu. Hukitomasa aone kama kinacheza chini ya ngozi. Kilichobadilika rangi, au kidonda kisichopona, hathubutu kukikata. Humtuma mgonjwa kwa daktari wa hospitali kubwa. Hutoza shilingi mia moja, pesa ya ganzi na glavu.

Alianza mwaka 1992, baada ya mama mmoja wa mtaa huu kuota kijinyama na jirani kumwambia huo ni ukimwi. Mama akaomba maji ya betri kwa fundi wa magari, akajipaka.

"Kijinyama hakikuwa na neno. Betri ndiyo iliyomlaza wodini," anasema Nabalayo, na miaka minne haijampoza hasira. "Siku hizi kila kipele ni hukumu. Nikasema, mimi hapa sinyamazi."

Hajanyamaza, na sasa yamemfika. Jumamosi hii anatakiwa kurudisha ufunguo wa chumba hiki, alichopewa na akina mama wa kanisa.

Chanzo ni Lydiah, mke wa Mbugua, muuza mitumba wa Gikomba. Lydiah mwenyewe alitaka atajwe. "Andika jina langu," alimwambia mwandishi. "Wamenong'ona vya kutosha. Sasa wasome kwa sauti."

Mapema mwaka huu Lydiah alijifungua mtoto wa tatu, na kama ilivyo desturi, mama mkwe wake akaja kumkanda kwa maji moto. Huko kumkanda ndiko alikoona uvimbe wa ukubwa wa punje ya mahindi sehemu za siri. Hakumwuliza mkazamwana wake neno. Alimaliza kazi, akanywa uji, akaenda moja kwa moja kwa chama cha akina mama wa kanisa kusema kwamba mke wa mwanawe ameleta ugonjwa wa umalaya nyumbani.

"Mathe alinikanda vizuri, siwezi kudanganya," anasema Lydiah. "Lakini niliporudi kanisani walinivua kitambaa mbele ya watu wote, kama mwizi wa kuku."

Kitambaa hicho cheupe cha kichwa ndicho sare ya chama. Ukivuliwa, hata salamu hupati.

Lydiah mwenyewe anasimulia kwamba Nabalayo alimpima. Kilikuwa kifuko cha mafuta, ambacho Lydiah alikuwa nacho kabla hata hajaolewa. Alikitoa kwa ganzi, akashona nyuzi mbili, na ili asibaki na shaka akakipeleka maabara. Jibu lilirudi safi.

Yangeishia hapo, lakini kamati ya chama ilimwita muuguzi aje aeleze alichoona kwa Lydiah. Akisema si ugonjwa wa zinaa, kitambaa kitarudi na chumba kitabaki chake. Asiposema, afungashe.

Alikataa.

Mwandishi alimwuliza sababu, maana ukweli ulikuwa upande wao. Swali hilo lilimkera kwelikweli.

"Leo niseme Lydiah ni msafi. Kesho aje mwenye chunjua, ambayo kweli huambukizwa kitandani, na pengine aliletewa na bwana yake. Huyo nimseme vipi? Atibiwe ama ahukumiwe? Mwili wa mgonjwa wangu si ajenda ya kikao cha mtu."

Lydiah anakiri kwamba mwanzoni alimkasirikia. "Nilitaka kitambaa changu, basi. Halafu nikafikiria: nikirudishiwa kwa sababu nimepimwa, nani atapimwa baada yangu?"

Hata hivyo, siku ya kikao Nabalayo alienda. Alitoa vioo vyote sita mkobani, akavipanga mezani.

"Choo kiko hapo nje," aliwaambia. "Kila mmoja achukue kimoja, ajiangalie. Atakayerudi bila hata kipele, huyo ndiye nitamjibu."

Hakuna aliyeinuka. Nabalayo akaaga, akaviacha hapo hapo.

"Alitudharau," anasema mwenyekiti wa chama, Bi. Kalekye, ambaye bado ana uchungu. "Mambo ya chini hayaletwi kanisani."

"Na wao walikujaje kanisani, waliyaacha nyumbani?" anauliza Nabalayo alipofikishiwa maneno hayo, akifunga mikasi yake kwenye kitambaa safi.

Tayari amepata chumba mtaani Umoja, nyuma ya duka la viatu, na mwezi ujao Alhamisi zitaendelea huko. Wa kwanza atakaowaalika si wagonjwa, bali wakunga wa mitaani na kina mama wakwe.

"Wao ndio wanaokanda, kwa hivyo wao ndio wanaoona kwanza. Nataka wafundishwe swali moja: mwanangu, hiki unacho tangu lini? Wakishauliza, wamlete."

Kesho yake baada ya kikao alirudi kuchukua vioo. Alivikuta vitano. Katika kikao kile walikuwa wameketi akina mama wa kamati peke yao, mama mkwe wa Lydiah miongoni mwao.

Je, atamsaka aliyechukua cha sita?

"Nimsake wa nini?" Nabalayo anacheka kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. "Akimaliza kujiangalia, atauliza njia ya Umoja."